Malalamiko Dhidi ya Mkaguzi Aliyeukataa Waya Wangu

Kwa Mkaguzi wa Vyombo,
Uwanja wa Mbio za Pikipiki,
Meza ya kwanza, upande wa kushoto wa geti.

Mheshimiwa Mkaguzi,

YAH: KUKATALIWA KWA PIKIPIKI NAMBA 41

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa, maana ni ndefu. Mimi ni yule binti mwenye miwani aliyeishika pikipiki nyekundu ya cc 100 Jumamosi iliyopita, siku ambayo watu wa kawaida huruhusiwa kuja kuzungusha pikipiki zao uwanjani. Huenda hunikumbuki. Sikutamka neno lolote isipokuwa "asante", nalo nililitamka baada ya wewe kutukataa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandaa majibu yangu. Sasa yameiva.

Pikipiki ni ya shangazi yangu, aliyeitumia miaka ishirini na sita akiwa msoma mita wa idara ya maji. Ina gia nne. Shangazi anasema gia ya nne anaijua kwa kuisikia tu, kwa sababu kila alipoikaribia palitokea geti jingine lenye mita. Sasa amestaafu, na mwezi ujao anafanyiwa upasuaji wa goti ambalo daktari amesema halitapiga kiki tena. Ana ombi moja: aingie gia ya nne na abaki humo mpaka achoke mwenyewe. Kabla ya upasuaji, uwanja wako utafunguliwa kwa watu wa kawaida mara moja tu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Ndiyo maana ninakuandikia badala ya kujifunika blanketi, kama nilivyokuwa nimepanga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Stendi. Masharti yenu yanasema stendi ya pikipiki iondolewe. Niliiondoa Ijumaa, nyumbani. Hayakusema popote kwamba mtu angoje kwanza afike. Matokeo yake niliishika pikipiki kwa mikono kwenye foleni kwa saa mbili na nusu. Jamaa wa nyuma yetu, mwenye suti ya ngozi na stendi mbili za chuma za kuegeshea alizobeba mkononi, aliniuliza, "Dada, vipi, umegandishwa hapo?" Nilitaka kumwomba moja. Nikatabasamu.

2. Vioo. Masharti yanasema vioo vya pembeni viondolewe, na kila sehemu nyingine ya kioo ifunikwe kwa selotepu, ili pikipiki ikianguka vipande visitapakae njiani. Nilifunika taa ya mbele, taa ya nyuma na spidomita. Ulipoiona spidomita ulimwita mwenzako wa bendera aje aone, mkacheka wote wawili. Shangazi alinitetea: "Mwacheni. Bora nisiione, nisije nikajiogopa." Kwa taarifa yako, nilisoma neno "kila" kwa makini zaidi ya hapo. Mama ndiye aliyenikuta na selotepu mkononi, nimeshafunika kioo kimoja cha miwani yangu, akaninyang'anya mkasi.

3. Swali. Ulichungulia chini ya injini, ukasimama, ukauliza mbele ya foleni nzima: "Nani kafunga huu waya?" Mheshimiwa, mtu kama mimi huulizwa kwa maandishi, akapewa wiki. Wewe ulingoja sekunde tatu. Katika sekunde hizo nilifungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili niliufunga. Ndipo shangazi akasema, "Mimi."

Nawe ukamwamini! Mkono wake ulikuwa safi kama wa daktari. Pembeni yake alisimama mtu mwenye grisi hadi masikioni na bandeji kwenye kidole gumba. Huo ni ukaguzi gani? Ulimkaripia dakika nne. "Mama, umri huu ndio unataka kuangusha watoto wa watu?" Naye, amesimama juu ya lile goti, anaitikia, "Kweli, mzee wangu, nimekosea." Kisha ukaandika kwenye daftari lako: "Fundi: mwenyewe." Kwa hiyo daftari lako lina uongo, na lina mhuri.

4. Waya wenyewe. Sote tunakubaliana kwamba bolti ya kumwagia oili, iliyo chini ya injini, sharti itobolewe kichwani na kufungwa waya, ili ikianza kulegea waya uivute irudi. Oili ikimwagika njiani, wa nyuma wote wanalala. Nilivunja ncha tatu za drili kwa ajili ya tundu hilo. Waya niliusokota kwa kufuata kitabu cha maktaba ya shule, ukurasa wa 112, ambao sasa una alama ya dole gumba langu. Tatizo ni kwamba tumbo la injini liko karibu sana na sakafu, na kichwa changu ni kile cha ukoo wetu. Hakikupita. Basi nikachukua kioo cha pembeni, kile nilichokwisha kukiondoa kwa amri ya masharti yenu, nikakilaza sakafuni, nikafanya kazi huku nikitazama humo mpaka picha ya kwenye kioo ikalingana na picha ya kitabuni, uzi kwa uzi.

Ulisema, "Huu waya unaifungulia bolti, hauizuii." Kwa heshima zote, kwenye kioo ulikuwa unaizuia vizuri sana.

5. Kutokana na hayo ni wazi kwamba:

(a) Msingeamuru kioo kiondolewe, nisingekuwa nacho sakafuni. Kwa hiyo waya ule, kisheria, ni wenu.

(b) Pikipiki namba 41 ikaguliwe kwa kioo, kama ilivyotengenezwa.

(c) Ikishindikana, siku hiyo pikipiki zote zizunguke uwanja kinyumenyume, ili waya wetu uwe sahihi. Wenzetu watazoea. Wako wengi, watafarijiana.

(d) Mimi nina kitabu. Kwenye meza yako sikuona kitabu, niliona chupa ya chai.

Ninaomba basi turuhusiwe kama tulivyo, katika kundi la wale wa polepole, na uamuzi wako ufutwe kwa kalamu nyekundu.

Nisalimie mwenzako wa bendera, ingawa alicheka. Nisalimie yule jamaa wa suti ya ngozi, na umwambie kwamba ndiyo, nilikuwa nimegandishwa. Wasalimie pia wanaofagia njia ya mbio, ambao hawakunifanyia lolote baya.

Ni mimi, katika utii na grisi,
Mpwa wa mwenye pikipiki namba 41,
Kidato cha Tatu.

Tanbihi: Nilitaka kuambatisha ushahidi. Leo alasiri, kabla sijafunga bahasha, nilimwomba shangazi aizungushe pikipiki kwenye uwanja wa saruji wa shule, na waya wangu ukiwa vilevile ulivyoukataa. Mzunguko wa nne nikaona mstari mweusi unamfuata. Tuliwahi kuzima injini. Waya haukukatika, Mheshimiwa. Nimeukuta umeishikilia imara kabisa bolti iliyokwisha kutoka.

Shangazi alikitazama kiatu chake kilichojaa oili, akasema, "Basi kumbe mimi ni fundi mbaya kweli." Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini, kisha tukapewa matambara na sabuni.

Kwa hiyo namba 4 na namba 5 nazifuta zote, pamoja na chupa ya chai. Namba 1 na 2 zilikuwa za kujaza karatasi. Waya nimeufunga upya bila kioo. Nimeiinua pikipiki juu ya matofali, nikalala chini na kuitazama bolti yenyewe, uso kwa uso.

Namba 3 inabaki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tutakuja mezani kwako. Nakuomba uchungulie chini ya injini, usimame, uulize lile swali kama ulivyouliza, mbele ya foleni nzima, na kalamu yako iwe tayari kusahihisha daftari.

Ila tafadhali, safari hii subiri zaidi ya sekunde tatu.