Malalamiko Dhidi ya Laptopu Iliyomchezesha Mama

Julius Tluway,
Mbulumbulu.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Harusi ya Selestina na Kisioki,
Karatu Mjini.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni dada yangu Germana,

YAH: KUPINGA KOMPYUTA KUPIGA MUZIKI KATIKA HARUSI YA MPWA WANGU

Salamu nyingi zitangulie. Nakuandikia kwa utaratibu wa ofisi kwa sababu kila nikija kwako kulizungumza jambo hili unaniwekea sahani mbele, nami nikishakula nakosa nguvu za kulalamika. Karatasi haipakui chakula. Naomba uisome mpaka mwisho, kisha uisome tena mbele ya kamati, isipokuwa hoja ya tano, ambayo ni ya kifamilia.

Kamati inafahamu kwamba mimi ni mjomba wa bibi harusi na ni DJ wa miaka ishirini na miwili. Nimepiga muziki wa harusi kuanzia Buger hadi huku kwetu kwa deki zangu mbili za santuri, nilizozitoa Arusha ukumbi mmoja ulipofunga disko lake. Hata kipaimara cha Selestina nilikipigia mimi. Mwezi uliopita kamati ikanijulisha kwamba safari hii nije kama mjomba tu, nikae meza ya mbele, nipumzike. Sikuwa nimechoka. Jumamosi iliyopita, siku ya sendofu ya kumuaga Selestina, nilizipakia deki kwenye pikapu, nikazifunika blanketi, nikakaa nazo nyuma mpaka ukumbi wa parokia, endapo ingetokea dharura. Dharura ilitokea, nami naieleza kama ifuatavyo.

1. Aliingia binti mmoja mwenye begi mgongoni. Akaja moja kwa moja nilipokaa, akainamisha kichwa mbele yangu kama watoto wa wafugaji wanavyowasalimia wakubwa, nami nikamwekea mkono kichwani nikamwambia, "Mungu akukuze, mwanangu." Nilidhani amekuja kuandikisha zawadi. Dakika tano baadaye alikuwa amekaa kwenye meza ya muziki, amefungua laptopu, na mshereheshaji anamtangaza kuwa ndiye DJ Nareyu wa Kakesio, kwa upande wa bwana harusi. Kwa hiyo, Mwenyekiti, mshindani wangu alianza kazi akiwa na baraka zangu mwenyewe, nilizompa bila kupewa taarifa kamili. Naiita hiyo hujuma, ingawa adabu yake sina neno nayo.

2. Hafanyi kazi inayoonekana. Mimi nikipiga muziki, hata mtu wa meza ya mwisho anajua kuna mtu anapiga muziki. Nainama, nachagua santuri, naipuliza vumbi, nashusha sindano, hedifoni sikio moja, taulo begani. Nareyu alikaa kimya akitazama kioo kama mwalimu anayejaza matokeo ya mtihani, akigusa kwa kidole hapa na pale. Tena programu yake inalinganisha mapigo ya nyimbo mbili yenyewe. Kazi hiyo mimi nilijifunza kwa masikio, miaka mitatu, nikiachwa na nyimbo mbele za watu.

Nilisogea nyuma yake nimchunguze. Nilitarajia ataficha. Badala yake alinivutia kiti akasema, "Karibu baba, uone," akaanza kunionyesha nyimbo zilivyochorwa kwa rangi, ngoma rangi yake, gitaa rangi yake, sauti za watu rangi yake. Nilikataa kukaa. Niliona nikiwa nimesimama.

3. Nyimbo zake haziishi. Hili naomba lichukuliwe kama suala la usalama. Chakula kilipofunguliwa, alichukua wimbo mmoja wa rumba, wimbo wa dakika nne unaojulikana na kila mtu, akaukatakata kama nyanya za kachumbari, akabakiza gitaa tu, akalizungusha. Nilitazama saa yangu. Lilizunguka dakika kumi na saba.

Kwa kawaida watu hupanga foleni wimbo ukianza na kurudi kukaa wimbo ukiisha. Wimbo usipoisha mtu atajuaje kwamba ameshapakua? Shangazi Katarina alipita kwenye nyama mara mbili, na nilipomuuliza alisema kwa unyofu kabisa, "Nilijua ni ile ile ya kwanza." Matokeo yake nyama ya mbuzi iliisha kabla ya meza ya wazee waliotoka Kakesio, watu wa mifugo, waliosafiri tangu alfajiri na kukuta kwetu sisi Wairaqw kuna wali na kabichi tu. Wazee hao walisema haidhuru. Walisema kwa sauti ya upole ambayo sitaisahau. Mwenyekiti, ukoo wetu uliaibika, na chanzo ni programu.

4. Saa tisa alasiri umeme ulikatika. Nakiri kwamba nilifurahi. Sherehe yenye mpangilio, umeme ukikatika, husimama. Watu hugeukiana, husalimiana vizuri, na mjomba hupata nafasi ya kusema machache. Nilikuwa nimeshasimama na nimeshakohoa. Ndipo nikaona laptopu bado inawaka, haina habari na shirika lolote la umeme, na Nareyu anatoa chini ya meza spika ya kuchaji isiyozidi dumu la lita tano. Akaiweka juu ya kiti katikati ya ukumbi. Muziki ukarudi, mdogo, watu wakausogelea ili wausikie. Deki zangu chini ya blanketi hazikuwa na la kusema. Nikakaa.

5. (Hii usiisome mbele ya kamati.) Mama alicheza.

Wewe ulikuwa jikoni ukihesabu sahani, kwa hiyo nakueleza nilivyoona. Kwenye ile spika ndogo Nareyu aliweka sauti za kina mama wa kwao, alizozirekodi kwa simu nyumbani kwa kina Kisioki, wakiimba bila chombo chochote. Chini yake, taratibu, akaingiza shangazi zetu wa huku, wakiimba ule wimbo wa kumtoa binti nyumbani. Sikujua amewarekodi lini. Nyimbo mbili, lugha mbili, na zilikwenda pamoja kana kwamba wanawake hao walikuwa wakichota maji kisima kimoja. Nikaona fimbo ya Mama inatafuta sakafu.

Nilimwambia, "Mama, kaa, goti." Akaiegemea fimbo. Selestina alikimbia akamnong'oneza Nareyu kwamba bibi anasimama, apunguze. Na hapo ndipo penye kosa ninaloliwasilisha kwako. Akapunguza. Nikipunguza mwendo wa santuri mimi, sauti ya mwimbaji inakuwa ya ng'ombe mgonjwa. Laptopu ile ilipunguza mwendo na sauti zikabaki za wanawake wale wale, ila sasa walikuwa wakiimba kwa mwendo wa goti la Mama. Watu wakamzunguka. Akaiacha fimbo kwa mama yake Kisioki, akacheza. Tangu tulipomzika Baba alikuwa hajacheza. Harusi yangu hakucheza. Miaka ishirini na miwili nimepiga muziki Mama akiwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, nami nikidhani ni msiba.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza, nikijitahidi niulize kama mtu anayeuliza habari za mvua. Nikamwambia, "Mama, mbona kwangu hukuwahi kusimama?" Akasema, "Julius, zako hunipita. Nilikuwa nikikaa naziangalia zinapita."

Kwa hiyo malalamiko yangu ni kwamba wimbo una mwendo wake, uliopangwa na waliouimba, na ni wajibu wa goti kuufuata. Wimbo ukianza kulifuata goti, kesho utafuata nini? Kila mwenye mguu mbaya wilaya hii atataka kusimama. Wajane watasimama. Viti vilivyokodiwa vitabaki vitupu, na kamati itakuwa imekodi viti vya nini?

6. Hivyo basi, kwa harusi ya Jumamosi ijayo, naomba kamati iazimie yafuatayo. Laptopu ikaguliwe na mtu asiye na upande, nami niko tayari kuwa mtu huyo. DJ asimame muda wote na apewe taulo. Kila wimbo uwe na mwisho, na mwisho huo utangazwe kwenye maiki mara mbili, hasa karibu na nyama. Umeme ukikatika kila mtu akubali kwamba umekatika. Mtu yeyote wa zaidi ya miaka sabini atakayetaka kucheza awe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mtoto wake wa kiume. Na muziki wote, kuanzia bibi harusi anapoingia hadi keki inapokatwa, upigwe kwa deki mbili na mtu mwenye uzoefu nazo, ambaye kwa bahati nzuri ni ndugu wa Mwenyekiti na hatadai usafiri wa mbali.

Nikiwa na imani kwamba kamati yako itatenda haki, nakutakia afya na maandalizi mema. Nisalimie shemeji, msalimie Katarina na umwambie sina kinyongo naye kuhusu nyama, wasalimie wajumbe wote, na umsalimie bwana harusi, ambaye nimempenda. Mama msalimie pia, lakini usimwambie barua inahusu nini.

Ndimi mdogo wako, mwenye masikitiko na heshima,

Julius Tluway
DJ na Mjomba

Nyongeza, kwa kalamu: Germana, barua hii niliiandika kwa mkono, na kwa kuwa huwa unalalamikia mwandiko wangu, leo asubuhi nimeileta stationari moja hapa Karatu, karibu na stendi, ichapwe. Mchapaji alipoinua kichwa alikuwa Nareyu. Sikujua kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya siku za wiki. Nilitaka kugeuka, lakini nyuma yangu palikuwa na foleni ya watu wa fotokopi, na yeye alikuwa ameshanyoosha mkono kuzipokea karatasi.

Amechapa yote, hoja baada ya hoja, akinirekebishia tahajia. Alipofika hoja ya tano vidole vikasimama. Akasema, "Baba, mimi sikumwona bibi. Watu walikuwa wamemzunguka, nami nilikuwa nimekaa. Niliambiwa tu nipunguze." Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, alichezaje.

Nilijaribu kumweleza kwa maneno, ikashindikana. Basi nikaweka kofia yangu juu ya mashine ya fotokopi, nikamwonyesha: mguu mzima unatangulia, ule mbovu unangojewa, mabega yanashuka kwanza kushoto, na mikono inafunguka kama ya mtu anayepepeta ngano. Watu wa foleni walinipisha. Mmoja akaanza kupiga makofi, taratibu, nikamwambia apunguze zaidi. Nareyu alitazama mpaka nilipomaliza. Akasema, "Kumbe nilikuwa bado na haraka." Halafu akasema kwamba akiwa mezani hamwoni mtu yeyote zaidi ya kioo, na kama Jumamosi ningekaa pembeni yake nikawa namwambia mwendo wa Mama, angeupata.

Kwa hiyo naomba hoja zote sita zifutwe. Deki zitabaki nyumbani. Kamati iniwekee kiti kimoja kwenye meza ya muziki, mahali ambapo nitamwona Mama.