Kompyuta Inayopenda Usingizi

Modogashe, Jumatatu, 9 Juni

Dhuluma! Video yangu ya kupoza maziwa ya ngamia bila friji imekatika tena ikitumwa. Lazima iwafikie waamuzi wa mashindano ya sayansi, Garissa, kabla ya Ijumaa adhuhuri. Mtandao wetu unatambaa. Kompyuta ya shule, moja tu, hulala kila tunapoingia darasani, na ikilala, kutuma kunaanza upya. Mwalimu Kinoti ameifunga mipangilio kwa nenosiri. Nilimwomba ailegeze. Akasema inalala ili betri ya sola ipumue. Betri ipumue! Na sayansi je?

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika skripti, programu fupi ya kompyuta. Mistari michache, mizuri sana. Kila dakika inabonyeza Enter yenyewe, kana kwamba mtu amekaa pale. Saado wa darasa letu, mwenye mradi wa chujio la mchanga, alicheka hadi akakaa chini. Video yake ameitia kwenye flashi, akampa mjomba wake Bare, dereva wa lori la mbuzi. Abaayo, yaani dada, akaniambia, leta na yako, mfuko wa mjomba ni mkubwa. Sayansi isafiri na mbuzi! Nilikataa kwa adabu.

Jumatano, 11 Juni

Skripti imefaulu! Kompyuta haikulala hata kidogo. Ila Mwalimu Kinoti alikuwa ameacha wazi mtihani wa Kidato cha Pili. Sasa swali la kwanza liko ukurasa wa kwanza na la pili halijulikani liliko. Aliuliza nani alikuwa amekaa hapo. Nilisema hakuna aliyekaa, na ni kweli. Akafunga kila kitu, pamoja na video yangu. Mtu anaadhibiwa kwa kusema kweli!

Alhamisi, 12 Juni

Skripti ya pili. Hii inasogeza kipanya tu, haigusi mtihani wa mtu. Nimezima kioo cha kompyuta ili ionekane imelala, nikaiacha ikeshe. Saado anatangaza kwamba video yake imefika, na kwamba waamuzi walimpa mjomba chai. Chai! Mimi nani amenipa chai?

Ijumaa, 13 Juni

Ilibaki robo. Robo! Kisha betri ikafa, na pampu ya kisima ikafa nayo. Wasichana wote wamepanga foleni ya udhu mbele ya mabomba makavu, birika mkononi, wakinitazama mimi. Mwalimu Kinoti ameniambia katika shule hii anayehitaji kulala si kompyuta.

Jumamosi, 14 Juni

Alhamdulillahi! Shule ya Bura nayo ilikosa mtandao, kwa hiyo waamuzi wameongeza muda hadi Jumatatu. Saado amekuja na flashi tupu. Lori linaondoka alasiri, mjomba hana neno. Nimemshukuru, nikakataa. Skripti zangu hazikuwa na kosa. Jua ndilo lililozembea. Kesho Mwalimu anakwenda kanisani. Skripti ya tatu iko tayari: inabonyeza Enter na kusogeza kipanya, vyote kwa pamoja.