Stabilaiza Nyekundu na Keki ya Ghorofa Nne

Jumatatu, 3 Juni
Bahati imenitembelea. Mama Keki, mwenye tanuri pale kona ya mtaa wetu, anatafuta dereva wa kudumu. Majaribio ni Jumamosi: keki ya harusi, ghorofa nne, kutoka tanurini hadi ukumbini. Nikiifikisha imesimama, kazi ya mwaka mzima ni yangu. Nikiiangusha, ni ya Taratibu.

Taratibu ni jirani. Ana kigari cha mizigo kama changu, ila kikuukuu, na anakiendesha kama anasindikiza maiti. Wateja wanampenda. Siwaelewi.

Nina tatizo moja dogo. Gari langu likikata kona linalala upande. Mke wangu kasema nipunguze mwendo. Mawazo ya mtu asiyejua magari! Nimenunua stabilaiza, kile chuma cha chini kinachozuia gari lisilale. Si kama ile iliyokuja na gari. Hii ni nene mara mbili, na nyekundu. Muuzaji kanipa na kipakti cha grisi, kidogo kama cha shampuu. Nimekitupa. Nyumbani ninalo kopo zima.

Jumanne, 4 Juni
Nimeifunga mwenyewe. Gari juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mimi chali chini yake. Taratibu akapita, akainama, akasema jirani, shusha kwanza gari likanyage chini ndipo ukaze, la sivyo raba zinazoshika hicho chuma zitakaa zimejipinda na zitakufa mapema. Nikamshukuru sana. Alipoondoka nikakaza nusu mzunguko zaidi, gari likiwa palepale juu. Kwa hasira tu.

Jaribio: kona ya shule. Halikulala hata kidogo! Nimeirudia mara sita. Mlinzi wa shule kaniuliza kama nimepotea.

Jumatano, 5 Juni
Linalia. Kwii, kwii, kila tuta. Mke wangu anadai alinisikia akiwa saluni, mlango umefungwa, na shoga zake wakauliza hicho ni kitanda cha nani.

Nimefungua kopo. Ni grisi ya beringi za magurudumu, imekaa miaka. Nimezipaka raba viganja viwili. Kimya kabisa! Taratibu kasema grisi hiyo inakula raba, na kile kipakti cha dukani ndicho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Wivu ni ugonjwa.

Alhamisi, 6 Juni
Kelele mpya: ko, ko, ko. Raba zimevimba kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Sikutaharuki, kwa sababu leo nimeigundua siri ya Taratibu.

Nilimkuta amelala chini ya gari lake. Kila nati imechorwa mstari mweupe, unaoanzia kwenye nati na kuendelea kwenye chuma. Nikauliza, kama mtu asiye na haja. Akasema anauangalia kila asubuhi: ukiwa umenyooka, nati haijasogea, ukikatika, imelegea.

Kumbe ni mstari tu! Nimekimbia nyumbani. Rangi nyeupe sina. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimechungulia asubuhi. Mstari umekatika! Kipande cha kwenye nati kimeelekea upande wake, cha kwenye chuma kimebaki peke yake. Nimefuta kwa kitambaa, nikachora upya. Umenyooka. Saa sita umekatika tena. Nikachora. Hadi jioni nimechora mara nne. Matunzo ni kazi, watu hawajui.

Mama Keki kaja kulikagua gari. Nikamwonyesha chini. Kasema tangu aanze kuoka hajaona dereva makini hivi. Taratibu alikuwepo, akaniuliza spana yangu iko wapi. Nikamjibu kwamba sisi wa kisasa tunatumia brashi.

Jumamosi, 8 Juni
Saa moja asubuhi nimechora mstari safi kuliko yote. Keki ikapakiwa na watu wawili, nyuma tu ya viti, pasipo ukuta katikati. Mama Keki akakaa mbele, kando yangu, shingo kaigeuza nyuma muda wote.

Kona ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Kona ya shule: ko! Nati ikang'oka, ncha moja ya stabilaiza ikaanguka na kukwaruza lami, na gari likalala kuliko lilivyowahi kulala. Ghorofa ya nne ikashukia ya tatu, ya tatu ikashukia ya pili, na zote zikaja mbele kututembelea.

Mama Keki hakupiga kelele. Alichota sukari sikioni, akaniuliza kwa upole, baba, ule mstari wako bado umenyooka? Nikashuka kuangalia. Nati haikuwepo. Kwenye chuma rangi ilikuwa palepale. Nikamwambia upande wetu umenyooka.

Akampigia simu Taratibu. Akaja, kwa mwendo wake ule ule, akaichukua ghorofa ya chini, ndiyo pekee iliyopona. Nasikia maharusi waliikata hiyo.

Jumapili, 9 Juni
Kazi kapewa Taratibu. Mama Keki kasema kuanzia leo hata mkate hanipi nibebe, hata niende kwa miguu. Mke wangu kaiona chupa yake tupu. Tunaongea kwa ishara.

Nimekaa, nimejichunguza bila kujipendelea. Nimeliona kosa: keki. Ni mzigo laini mno, hauwezi kujisimamia. Dereva gani atashindana na hilo?

Kwa bahati fundi vioo wa ng'ambo ya barabara anahitaji mtu wa kumpelekea madirisha. Kioo ni kigumu, hakimwagiki. Naanza kesho saa mbili. Stabilaiza nimeifunga kwa waya. Breki zimeanza kupiga mluzi, na tatizo hilo nimeshalimaliza: nimenunua redio.