Jina la Germana Litangulie

Jumatatu, 9 Juni
Mjukuu wangu Germana karudi kutoka kazini kanuna. Utafiti wa homa ya maziwa mabichi kaufanya yeye, vijiji vya Kakesio vyote kwa miguu, chupa za damu begani. Sasa unakwenda kuchapwa kwenye jarida la madaktari. Jina la kwanza: Daktari Wilibrodi, mkubwa wake. La pili: rafiki wa mkubwa wake. Germana? Anashukuriwa mwishoni, pamoja na dereva! Bila jina la mbele hapati nafasi ya kusoma zaidi. Mimi shule sikuiona, herufi nimezipata ngumbaru na mvi kichwani, lakini mbele na nyuma nazijua. Kanisihi nisiingilie. Nimekubali. Kesho naingilia.

Jumanne, 10 Juni
Nimempelekea daktari jogoo. Nikamwambia ndama ni wa mwenye ng'ombe, si wa dume aliyepita njia. Hoja safi! Akacheka. Akaniuliza kama sisi Wairaqw hatuazimani ng'ombe: anayemtunza hunywa maziwa, ndama hurudi kwa mwenyewe. Fedha za utafiti aliziomba yeye, basi ng'ombe ni wake. Germana kanywa maziwa, yaani mshahara. Mila yangu mwenyewe kanigeuzia! Nimerudi bila ndama. Na bila jogoo.

Jumatano, 11 Juni
Nimemsimulia jirani yangu Brigita, huyo anayeazima ungo na kuurudisha umetoboka. Kasema kesho watu wa daktari wanakuja kijijini kwetu kuchukua damu za utafiti wa pili. Wanawake tusitoe mkono mpaka jina la Germana litangulie. Kawazo kadogo. Nikamwambia nitalifikiria. Kabla sijamaliza, kashazunguka kijiji kizima.

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi nilikwenda Karatu mjini kumdai daktari jogoo wangu. Kumbe yuko kijijini kwetu! Nimerudi magoti yanalia. Nakuta wanawake kwenye mabenchi, wamejiviringisha khanga mpaka viganjani. Daktari anabembeleza. Germana, kwa upole, anamkumbusha kwamba kutoa damu ni hiari ya mtu; daktari mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo. Ndipo Brigita akasimama.

"Mwanangu daktari, tumesikia ng'ombe ni wako. Na hii damu nayo ni yako?"

Daktari katoa simu, kawaandikia wenye jarida mbele yetu sote: Germana wa kwanza. Mikono ikatoka kwenye khanga. Nami nikatoa wangu, nikiwa wa mwisho, ila nilipiga kigelegele kuliko wote.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa watu wamenipongeza. Nikawaeleza nilivyoupanga ule mgomo wa khanga tangu Jumatatu. Germana kaninong'oneza kwamba lilikuwa wazo la Brigita. Na Brigita kasimama pale pale, mdomo kaubenua. Jamani! Mjukuu ni wangu, na maneno ya ng'ombe niliyaanza mimi. Yeye kasaidia tu. Lakini sina roho mbaya. Nimemwahidi kila nikisimulia nitamshukuru mwishoni, baada ya jogoo.