Mume wa Kilo Sitini na Sita

Jumamosi, 7 Juni

Wiki ya tisa ya ndoa. Bado nikimwona Kipenzi anapiga mswaki, moyo unaruka. Mtu gani anapiga mswaki kwa uzuri namna ile?

Ila leo nimeogopa mpaka vidole vya miguu vikapoa.

Niandike kwa utaratibu. Imebaki wiki moja kamili kabla ya jaribio la kikosi cha zimamoto. Nafasi ya mwanamke ni moja tu. Unabeba sanamu la mchanga la kilo sitini na tano, kifuani, mita thelathini, halafu daktari anakupima. Mwenye mimba anarudishwa nyumbani. Nimeitaka kazi hii tangu nina miaka tisa. Ndiyo maana mimi na Kipenzi tulikubaliana kabla ya harusi: mtoto baada ya mafunzo, na mimi nimeze vidonge vya kupanga uzazi. Tulishikana mikono tukikubaliana. Nililia kidogo.

Leo kwenye jimu Nondo kanifuata nikiwa nimekaa kwenye benchi. Nondo ndiye mpinzani wangu. Jina lake la kuzaliwa hakuna anayelikumbuka, na ukimwona mgongo hutauliza. Kanibonyeza mkono kama anayechagua embe sokoni, kauliza kama nimeanza vidonge. Nikasema ndiyo, kwani kuna ubaya? Akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. Akasema pole, shoga, yeye amesikia kwamba homoni za vidonge zinakula misuli kama mchwa, toka ndani, polepole, na mwenyewe hushtuki mpaka siku ya siku.

Nikamwambia mimi sitishwi na maneno ya watu. Kisha nikaenda chooni kuogopa.

Jumapili, 8 Juni

Nimepima. Kipenzi ni fundi cherehani, kwa hiyo tepu za kupimia zimejaa nyumba nzima, hata jikoni. Mkono wa kulia asubuhi: sentimita thelathini na moja. Saa sita mchana: thelathini na nusu. Nikabadilisha tepu. Thelathini na nusu. Nikabadilisha mkono. Huo nao mdogo tangu zamani, haukunifariji.

Lakini kipimo cha kweli ni Kipenzi mwenyewe. Tangu tuoane, kila siku nambeba mikononi kutoka jikoni hadi mlango wa mbele na kurudi. Ana kilo sitini na sita. Tulipima wote wawili wiki moja kabla ya harusi. Sanamu lina sitini na tano. Mungu alinipa mume na kifaa cha mazoezi kwa mkupuo mmoja. Yeye hunikumbatia shingoni na kunivumia wimbo sikioni. Wiki ya kwanza nilikwenda mizunguko mitatu huku nikimbusu.

Leo miwili. Wa pili miguu yake ilikuwa inaburuta sakafuni kama mashuka mabichi kule kazini kwangu, kwa dobi. Akasema labda nimechoka tu, malaika wake. Nikasema labda. Nikampakulia sahani ya pili ili nisimtazame usoni.

Mchwa wamekwishaingia.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata mpango. Nitaacha vidonge hadi Jumamosi. Siku sita mchwa hawana chakula, misuli inarudi, nashinda, nakuwa mzimamoto, naanza vidonge upya. Mwepesi hadi nikashangaa kwa nini madaktari hawajaufikiria.

Shida ni Kipenzi. Kila asubuhi ananiletea kidonge changu na glasi ya maji juu ya kisahani. Glasi yenyewe ina maua mekundu. Anasimama kando ya kitanda akitabasamu mpaka nimeze. Leo nimekificha chini ya ulimi, nikanywa maji yote, nikampa busu la shavuni maana la mdomoni lingenifichua. Nikakitema kwenye soksi.

Nimejisikia kama mwizi wa sadaka.

Tena, bila kidonge, lazima tulale mbalimbali. Hilo sikulifikiria mapema. Nimemwambia mgongo unauma na daktari wa jimu ameshauri mkeka. Jimu yetu haina daktari. Kipenzi kanitandikia mkeka, kaweka mto, kanifunika, kauliza nimeumia wapi ili aniombee mahali hasa. Nikaonyesha kiunoni.

Jumanne, 10 Juni

Mkono: thelathini na nusu. Kazini nilipata kizunguzungu nikiinua kapu la mashuka. Msimamizi wetu, mama mmoja asiyecheka, akasema mke mpya anayeona kizunguzungu hatuulizi zaidi. Wenzangu wakaguna kwa furaha. Mmoja akauliza wachange lini.

Damu ilinikauka. Nilichokula tangu asubuhi ni kipande cha mkate, kwa sababu ya hofu, lakini ukimwambia nani atakuamini.

Kipenzi leo: mzunguko mmoja na nusu. Nimemshusha karibu na jokofu nikajifanya nataka maji. Sielewi. Siku ya pili bila vidonge, na ninazidi kudhoofu. Au mchwa wakikosa chakula wanang'ata kwa hasira?

Nimeapa kwa mkeka huu kwamba nitavumilia hadi Jumamosi.

Jumatano, 11 Juni

Sikuvumilia.

Nijitetee kidogo. Jana jioni alikuja na mkeka wake, akautandika kando ya wangu, akasema kama mgongo wa mkewe umelala chini na wake utalala chini. Nani angevumilia? Jiwe lenyewe lingeyeyuka.

Asubuhi nimetema kidonge cha tatu kwenye soksi ileile. Kisha nikakaa nikahesabu kwa vidole. Vidonge vitatu nimeacha, na jana ndiyo hivyo. Nikahesabu tena kuanzia kidole gumba, labda jibu litabadilika. Halikubadilika.

Sasa naogopa vitu viwili kwa mpigo, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Nikiwa na mimba, daktari wa zimamoto ananirudisha. Nisipokuwa nayo, sanamu linanishinda. Harufu ya sabuni ya kazini imenichefua. Sabuni ileile ya miaka mitatu! Nimejaribu kukumbuka kama imenichefua siku zote. Nadhani ndiyo. Sina hakika.

Kipenzi: mzunguko mmoja. Alipotoka kwenda dukani kwake nimekaa sakafuni jikoni nikalia, mkono mmoja tumboni, mkono wa pili kwenye msuli wa huo wa kwanza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa nikaenda kliniki. Muuguzi wa uzazi wa mpango ni mama mtu mzima, miwani yake ina kamba ya shingoni. Nilidanganya dakika mbili za kwanza, kwamba nimetumwa na rafiki. Akasema mwanangu, huyo rafiki yako akae vizuri kwenye kiti aache kutetemeka.

Nikamwaga yote. Nondo, mchwa, soksi, mkeka. Hakucheka. Akanipa kidonge cha dharura nikimeze mbele yake, akakagua mdomo wangu kwa tochi. Akasema vidonge vya kawaida niendelee navyo leo leo, siku saba tutumie kondomu, na baada ya wiki tatu nirudi nipimwe. Kabla ya hapo kipimo hakitasema lolote la maana, kwa hiyo nisihangaike kununua vipimo saba. Sijui alijuaje saba.

Kuhusu misuli, akasema amesikia hofu hiyo mara nyingi. Tafiti zilizopo hazionyeshi kwamba vidonge vinamnyang'anya mwanamke nguvu zake. Kama tofauti ipo ni ndogo, na miili haifanani. Mwenye wasiwasi huja kuuliza, haweki dawa kwenye soksi. Kinachomaliza nguvu haraka, akasema, ni kukosa usingizi, kukosa chakula na kuogopa kutwa. Akaniangalia kwa juu ya miwani.

Nikamwambia lakini ushahidi ninao, kila siku nashindwa kumbeba mume wangu. Akauliza ana kilo ngapi. Sitini na sita. Akauliza nilimpima lini. Kabla ya harusi. Akaivua miwani. Akasema nimpigie simu aje.

Kipenzi alikuja mbio na tepu shingoni, pini bado mdomoni. Akapanda mizani.

Sabini na nne.

Muuguzi akampima tena, bila viatu. Sabini na nne. Kipenzi akainama. Akakiri kwamba tangu wiki ya tatu anaachia mishono ya suruali zake dukani, sentimita kwa sentimita, ili nisione. Alihofu nitaacha kumpakulia sahani ya pili, na anaipenda kwa sababu nampakulia mimi. Wiki ya tano kitambaa cha ndani kiliisha, akaunga kipande.

Kilo nane! Nimekuwa nikibeba kilo nane za mapenzi yangu mwenyewe.

Ikabidi na mimi nikiri soksi. Hakukasirika, na hilo liliuma zaidi. Alisema tu kwamba ile glasi ya maua aliitafuta maduka manne.

Muuguzi akasema tutoke, kuna watu wenye matatizo nje.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemeza kidonge mbele ya Kipenzi, nikafungua mdomo bila kuombwa. Kacheka. Tumepona.

Nimekula vizuri. Muuguzi aliniagiza leo nipumzike. Nimempumzisha Kipenzi juu ya mikono yangu mara sita, kwa furaha tu, kilo sabini na nne za haki. Mimi ni simba jike. Sanamu la sitini na tano kesho nitalibeba kama mtoto mchanga.

Naogopa kidogo tu.

Jumamosi, 14 Juni

Uwanja wa zege nyuma ya kituo. Wanawake tisa, mstari mmoja. Nondo mbele yangu, anatafuna ubani.

Nondo alilikumbatia sanamu kiunoni, akalifunga kifuani kwa viganja, akaenda. Sekunde ishirini na mbili.

Zamu yangu. Nililiinua kama manyoya. Nikapiga hatua nne nzuri, huku nikisubiri lishike shingo.

Halikushika. Sanamu la mchanga halijui kukumbatia. Mikono yake ilining'inia, kichwa kikaanguka nyuma, mwili ukaanza kuteleza tumboni kwangu kama anayetoroka. Nikasimama nikalipandisha. Nikasimama tena. Mara ya tatu nikalinong'oneza linishike, na ofisa mwenye saa akaniuliza naongea na nani. Sekunde ishirini na tisa. Nimekuwa wa pili.

Wa pili ni wa akiba. Jaribio lingine Septemba. Daktari hakuona kasoro kwangu. Nilitabasamu kwa kila mtu, nikaenda kulilia nyuma ya gari la maji.

Kipenzi alinisubiri getini. Alishaona kila kitu kupitia wavu. Kwa upole kabisa akasema atanishonea gunia la mchanga lenye mikono, lining'inie tu, nifanyie mazoezi hilo badala ya kumbeba yeye. Nikamwambia kamwe asidhani penzi letu ndilo lililoniangusha. Akasema hakusema hivyo. Nikasema basi.

Maana sababu yenyewe nimeiona kwa macho yangu. Daktari alipompima Nondo presha, mkono wa shati ulipanda, na pale ndani ya mkono, chini ya ngozi, kuna mstari mwembamba mgumu. Kijiti cha kupanga uzazi. Nikamuuliza tangu lini. Mwaka wa pili sasa, akasema, bila haya. Nikamuuliza na wale mchwa wake je? Akasema yeye alisema amesikia, hakusema ameona, na vita ni vita, shoga. Akanipa ubani.

Mwaka wa pili ana kijiti. Na kashinda. Mtu akitaka ushahidi zaidi ya huo ana lake jambo. Muuguzi ni mama mzuri ila hajawahi kubeba sanamu. Vidonge havina shida, sawa, lakini nguvu zipo kwenye kijiti.

Jumatatu nawahi kliniki kabla ya foleni. Nitaomba viwili, kimoja kila mkono, nisije nikabeba upande.