Orodha Isiyokuja Yenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya ushindi imeanza! Nimeandika hivyo kabla hata ya kuwasha kompyuta. Mtu mwenye hakika hangoji ushahidi.

Ijumaa saa nne asubuhi Mkurugenzi wa maktaba anakuja kuitazama programu yangu ya kutafutia vitabu. Miezi minne nimeisuka, peke yangu, kwa msaada wa vitabu vitatu vya kujifundishia na hasira. Ikipita, inawekwa kwenye kaunta ya wasomaji, nami napewa chumba cha juu, kile chenye madirisha mawili na mlango unaofungika. Isipopita, narudi ghala la chini kubandika migongo ya vitabu vilivyochanika. Miaka kumi na tisa nimenusa gundi. Inatosha!

Adui ni mmoja: Bwana Droo. Jina hilo sikumpa mimi, amepewa na maktaba nzima. Ndiye mtunza kadi, mlinzi wa droo mia moja na ishirini, na kwa imani yake kitabu kisicho na kadi hakijapata kuandikwa. Leo amenikuta kwenye ngazi, akaniuliza kama mtoto wangu wa bati ameshaanza kutembea. Nikamjibu ataanza Ijumaa, na wa kwanza kukanyagwa atakuwa yeye.

Nimetengeneza fomu mpya, ule ukurasa wa programu unaoonekana kwenye kioo, ya kuonyesha wakubwa. Ile ya majaribio ilikuwa na sura ya hati ya mashtaka. Hii ina buluu ya upole, na herufi kubwa zinazosomeka na mtu aliyesahau miwani. Msimbo, yale maagizo ya kompyuta, sikuuandika upya. Mwenye akili haandiki jambo moja mara mbili! Nimenakili kipande chote kutoka fomu ya zamani, nikakibandika kwenye mpya. Dakika moja tu. Kazi yake ni nyepesi: fomu ikifunguka, kabla mtu hajagusa kitu, kipande kichote orodha ya vitabu vyote na kuijaza pale.

Nimefungua fomu. Nzuri mno.

Tupu.

Jumanne, 4 Machi

Bado tupu. Nimezima, nimewasha. Nimechomoa waya ukutani, nimechomeka. Nimesimama nyuma yake ghafla. Tupu!

Nikafanya upelelezi wa kisayansi. Mwanzoni kabisa mwa kile kipande nimeandika amri: ukifika hapa, toa ujumbe unaosema NIMEFIKA. Nikafungua fomu. Kimya. Kwa hiyo kipande si kibovu, hakiitwi tu. Fomu inafunguka, tukio la kufunguka linapita zake, na msimbo wangu umekaa kama mgeni rasmi aliyesahauliwa kwenye ratiba, kavaa suti, hotuba mfukoni.

Nikafungua fomu ya zamani. Orodha hiyo! Nikalinganisha misimbo miwili kwa rula, mstari kwa mstari, herufi kwa herufi. Ni ileile. Sasa, vitu viwili vilivyo sawa vikitenda tofauti, mtu aliyesoma mantiki anafikia hitimisho moja tu.

Hujuma.

Nikainamia kibodi kutafuta vumbi la kadi. Ndipo shemeji akapita. Ni mdogo wake mke wangu, yuko kaunta ya wasomaji, amesomea uandishi wa programu miaka miwili na hamkumbushi mtu, jambo ambalo ni majivuno ya aina mbaya kabisa. Akachungulia, akasema, shem, ukinakili msimbo hujanakili fomu. Nikamwambia nilianza kubishana na wahariri wa magazeti yeye akiwa bado anavaa viatu kinyume. Akasema sawa shem, akaenda zake. Sipendi alivyosema sawa.

Nyumbani mke wangu kaniuliza kwa nini nisimwombe mdogo wake aangalie. Nikasema bora ninywe gundi. Akasema basi nisiwe na wasiwasi, huko ninakorudi ipo ya kutosha.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi! Umenijia nikiwa napiga mswaki, na povu lote.

Nani kasema orodha lazima ije yenyewe? Nani? Swali hili halijaulizwa katika kitabu chochote kati ya vile vitatu, na hapo ndipo unapouona uvivu wa waandishi wa siku hizi. Nimefika kazini, nimeweka kitufe kikubwa katikati ya fomu, nimekiandika LETA. Nikakibofya. Vitabu elfu kumi na moja, mia nne na kumi na viwili, vimemiminika kama wanafunzi kengele ya mwisho ikilia!

Hadi adhuhuri kitufe kilikuwa kimeshazaa nadharia. Kurasa tisa: "Dhidi ya Fomu Zinazojipakia". Hoja kuu: fomu inayojaza orodha bila kuulizwa ni sawa na mhudumu anayekuletea sahani hujaiagiza, kisha anasimama kukutazama utafune. Msomaji ni mtu huru! Aombe, apewe. Nimegusia utumwa, nimegusia demokrasia, na kwenye ukurasa wa saba nimewachapa kidogo wahariri. Nakala moja kwa Mkurugenzi. Moja kwa gazeti. Moja nimeipigilia kwenye kabati la Bwana Droo kwa pini.

Saa tisa kaja, nakala mkononi, anatabasamu. Nilijiandaa kwa vita. Akanishika bega, akasema ameisoma yote, na kwamba hata droo zake nazo hazijifungui zenyewe, mtu huomba akapewa, kwa hiyo karibu nyumbani, ndugu yangu. Ndugu yangu! Kisha akasema nimemtobolea kabati.

Nimeandika ukurasa wa kumi kwa haraka. Droo haijifungui kwa sababu ni mbao. Fomu yangu haijipakii kwa sababu ina msimamo. Mbingu na ardhi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba sebuleni, ubao wa kupigia pasi ukiwa mimbari. Mke wangu alisikiliza yote, akikunja nguo. Mwishoni akauliza: kama ni msimamo, mbona Jumatatu niliitukana hiyo fomu mpaka majirani wakapunguza redio wasikie? Nikaeleza kwamba nilikuwa naupima huo msimamo. Akasema mume wangu, chumba kile unakitaka kweli au unataka kubishana? Nikakunja ubao wa pasi. Swali lina mtego.

Ila nitaandika hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nakitaka. Nimepanda juu mara mbili wiki hii kuangalia kama mlango wake bado unafungika.

Kazini, silaha mpya imejileta yenyewe. Kuna mwalimu mstaafu, mzee mpole wa koti la kahawia, anakuja siku ya nne mfululizo kutafuta kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki. Bwana Droo kapekua kadi tangu Jumatatu. Leo kamwambia rasmi kwamba maktaba hii haijapata kuwa na kitabu hicho. Mwalimu akamjibu kwa upole, mwanangu, nilikitoa zawadi kwa maktaba mimi mwenyewe, na jina langu nililiandika ndani. Bwana Droo akasema bila kadi hawezi kulijadili.

Ningeweza kumtafutia kwa sekunde mbili. Nikanyamaza! Bunduki haionyeshwi mkesha wa vita. Nikamfuata mlangoni, nikamwomba aje kesho saa nne. Akauliza kama kitabu kitakuwa kimepatikana. Nikasema mwalimu, kitapatikana mbele ya mashahidi. Akasema yeye anakitaka tu, nyuki wameshaingia darini kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike taratibu.

Saa nne kamili. Mkurugenzi kiti cha mbele. Bwana Droo pembeni yake, kabeba droo moja mapajani kama mtu aliyekuja na mtoto mgonjwa. Mwalimu mstaafu nyuma. Shemeji amesimama mlangoni, na mara mbili alijaribu kuninong'oneza jambo, shem subiri kidogo, shem kabla hujafungua. Nikamwashiria akae. Hotuba haikatizwi!

Nikaanza. Nikapita kwa mhudumu na sahani. Nikapita kwa demokrasia. Nilipofika kileleni nikanyoosha mkono: tazameni, nikasema, fomu yenye heshima! Fomu hii itafunguka na itasubiri! Haitaleta hata kitabu kimoja hadi binadamu aitake!

Nikaifungua. NIMEFIKA, ikasema kompyuta kwa herufi kubwa. Kisha vitabu vyote elfu kumi na moja na ushei vikajaa pwaa, vyenyewe, bila mtu kugusa kitu.

Mkurugenzi akauliza, si umesema haileti? Bwana Droo akaanza kucheka, na droo ikacheka naye mapajani, kadi zikigongana.

Mtu mwingine angezimia. Mimi nimebishana katika kurasa za barua za wasomaji kwa miaka ishirini! Nikasema kwa utulivu kwamba hiyo ilikuwa hoja ya upande wa pili, nimeiruhusu izungumze kwanza kwa sababu ya haki. Na sasa, hoja yangu. Nikabofya LETA.

Orodha ikaja tena. Juu ya ile ya kwanza. Kila kitabu kikawa na pacha wake! Ishirini na mbili elfu na mia nane na ishirini na nne. Bwana Droo akafuta machozi, akampongeza Mkurugenzi kwamba vitabu vyake vimezaa, na vyote siku moja.

Nikaiona gundi. Kweli niliiona, ndoo nzima, na brashi yangu imesimama ndani.

Ndipo mwalimu akainua mkono kama mwanafunzi, akauliza kama hapo katikati ya watoto wote hao kuna cha nyuki. Nikaandika "nyuki". Sekunde mbili! Kikatokea, na pacha wake: Ufugaji wa Nyuki Nyumbani, rafu ya thelathini na moja, safu ya chini. Shemeji alikuwa ameshakimbia. Akarudi nacho, kina vumbi. Mwalimu akafungua jalada, akamwonyesha Mkurugenzi jina lake, mwandiko wake, wino umefifia.

Mkurugenzi akamtazama Bwana Droo. Bwana Droo akaitazama droo yake. Kisha Mkurugenzi akasimama, akasema programu iwekwe kaunta kuanzia Jumatatu, pacha waondolewe, na mwenye kitufe ahamie chumba cha juu. Kurasa zangu kumi akanirudishia. Hakusema kitu juu yake, bila shaka kwa kukosa la kupinga.

Nimeshinda! Nimeshinda kwa hoja zote mbili, ya kwangu na ya upande wa pili, jambo ambalo sijawahi kulisoma popote.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja nyumbani kunywa chai. Imebainika kwamba juzi dada yake alimwomba, nami nikidhani mke wangu anakunja nguo tu. Basi jana mapema, kabla sijafika, aliketi kwenye kompyuta yangu. Hujuma ya kifamilia!

Akanieleza, akichora kwenye karatasi kama ananifundisha kuvuka barabara. Kila fomu ina orodha yake ya matukio pembeni. Kwenye tukio la kufunguka panaandikwa jina la kipande kitakachoitwa. Fomu ya zamani niliibofya mara mbili siku ile ya kwanza, kompyuta ikaandika jina yenyewe bila mimi kujua. Kwenye fomu mpya nilibandika maneno tu, na pale pembeni pakabaki patupu. Kipande kipo, fomu ipo, havijatambulishwa. Yeye aliandika jina. Pacha nao ni kwa sababu kitufe changu kinaongeza bila kufuta cha mwanzo, na ndilo alilotaka kuninong'oneza.

Nikauliza swali moja la kisheria: kwa hiyo msimbo wangu haukuwa na kosa hata herufi moja? Akasema ndiyo shem, lakini. Nikamkatiza kwenye ndiyo. Nikamshukuru kwa ushahidi wake.

Mke wangu akasema mshukuru vizuri. Nikamwongezea sukari.

Jumatatu, 10 Machi

Chumba cha juu! Mlango nimeufunga mara sita, kwa raha zangu. Jua linaingia madirisha yote mawili. Bwana Droo kapanda kunipongeza, eti amekuja kuona mwanga, akaondoka na kalamu yangu.

Mkurugenzi ameshaagiza fomu tatu nyingine: ya kurudisha vitabu, ya wanachama, na ya vitabu vilivyochanika. Anazitaka Ijumaa. Ijumaa! Nimemwambia atazipata kabla ya chakula cha mchana. Sikuandika hata mstari mmoja upya. Nimenakili kile kipande kilichothibitishwa na shemeji kuwa hakina kosa, nikakibandika mara tatu. Dakika tatu. Nikafungua zote kwa pamoja.

Tupu. Tupu. Tupu.

Shemeji kabisha hodi, kasema shem, pembeni, umeandika jina pembeni? Nimemwambia kupitia mlangoni kwamba mambo ya pembeni tulishayamaliza Jumamosi.

Nimetafakari hadi saa sita, na jibu limekuja likiwa safi. Fomu moja ikigoma, ni hujuma. Tatu zikigoma kwa pamoja, chumba kimoja, wakati mmoja, ni mazingira. Ni jua! Linapiga kioo cha kompyuta, orodha inaungua kabla haijaonekana. Vitabu vile vitatu havina hata sura moja juu ya jua.

Nimemwandikia Mkurugenzi, kurasa kumi na mbili, kudai mapazia. Mazito. Ya kijani. Nakala kwa gazeti.