Mshumaa Wenye Jina la Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba

Chausiku kaondoka. Yuko Nkome kwa mama yake. Sababu: sufuria.

Ni kweli niliyeyusha nta ndani ya sufuria yake ya uji. Ni kweli sufuria hiyo alipewa na mama yake siku ya harusi. Lakini niliiosha! Uji ulinuka waridi kidogo tu, na waridi ni harufu ya heshima. Chausiku alionja, akakimbilia uani, akatapika. Siku iliyotangulia alitapika kwa karafuu. Kabla ya hapo, kwa asumini. Chai hataki. Mayai hataki. Nimejiuliza sana: mke ana kinyongo gani na biashara ya mumewe hata atapike kila asubuhi? Jibu sijapata.

Nyumba kimya. Wenzangu sokoni wana wake wanaoitwa Mama Fulani. Wangu ni Chausiku tu, miaka yote hii tuliyoomba mtoto. Leo nimeliita jina lake mara mbili ndani ya nyumba tupu. Inatosha. Kazi iendelee.

Mishumaa mitatu mipya, majina yote nimeyatunga mwenyewe: Karati 24. Paris ya Geita. Malkia wa Waridi. Nimeyasoma kwa sauti mbele ya kioo na mwili ukanisisimka. Akili hii inatoka wapi? Hata mimi sijui! Nuruddin, anayeuza udi na marashi kibanda cha pili, aliyasoma akaniuliza kama Paris nimewahi kufika. Nikamuuliza kama yeye Uarabuni amewahi kufika. Akasema babu yake alitokea huko. Kila siku babu.

Kuhusu Chausiku, mwenye neno ni mkwe. Mama yule anaanika dagaa ufukweni mwa ziwa kule Nkome na wenye mitumbwi wazima wanamwamkia kwa kuinama. Akisema binti harudi, harudi. Baba mkwe, Mzee Mihayo, hana neno. Tangu nioe sijamsikia akimaliza sentensi.

Jumanne, 5 Novemba

Balaa. Gregory, mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kule Rwamgasa, amerudisha katoni nzima ya Karati 24 aliyonunua jana. Aliiwasha kambini, wachimbaji wakagoma kushuka shimoni. Wanasema mali, yaani dhahabu, inakimbia manukato. Tena wanasema mali haiitwi kwa jina kabla haijaonekana, na huyu fundi wa mishumaa kaiita, kaiandika, kaibandika. Gregory akaniambia kosa si mshumaa, kosa ni jina. Nikamwonea huruma. Wachimbaji hawajui soko.

Nta imekaribia kwisha. Nikapata wazo: nichanganye na udongo. Mshumaa utakuwa mzito, mnunuzi ataupima mkononi na kusema hiki ndicho kitu. Nikatafuta udongo laini. Na nimeupata wapi? Chini ya kitanda changu mwenyewe! Kopo la maziwa, ndani yake vipande vya udongo mwekundu, vimepangwa vizuri, vimefunikwa kitambaa safi. Chausiku anahifadhi udongo! Mji mzima ni vumbi, mvua hazijanyesha, na mke wangu anaficha udongo kama kitenge cha Krismasi. Nadhani alitaka kukandika jiko.

Nikauloweka kidogo, nikautia kwenye mafuta ya nazi, nikaweka motoni, nikamimina nta.

Sijui niandikeje. Udongo ulitua chini, na harufu ikapanda juu. Mvua! Ile ya kwanza kabisa, matone yakigusa vumbi baada ya miezi ya jua. Nilitoka nje kuangalia mbingu. Hakuna wingu. Nikarudi ndani. Mvua. Nilikaa chini sakafuni, mwiko mkononi. Nimeishi na pua hii miaka yote na sikujua inaweza kufanya hivi. Nilitaka kumwita Chausiku aje anuse.

Jumatano, 6 Novemba

Ajabu juu ya ajabu. Niliwasha mmoja kibandani, haujapewa hata jina, na kabla ya saa nne wamejaa wanawake. Wote wana matumbo makubwa! Nadhani bidhaa hii inavuta watu walioshiba. Wanafumba macho, wananusa, wanaguna. Mmoja, Martina muuza nyanya, aliumega mshumaa kidogo akautia mdomoni. Nikamwambia mama, huo ni mshumaa. Akasema anajua.

Nuruddin aliacha wateja wake akaja kusimama. Alivuta pumzi. Hakumtaja babu.

Mchana, ujumbe kutoka kwa Chausiku. Anataka nimtumie kopo lake lililo chini ya kitanda. Hilo tu. Hakuna salamu.

Basi ndivyo ndoa zinavyokwisha. Mtu anaanza kwa kudai kopo, kesho anadai kabati. Na udongo wenyewe nimeshauyeyusha! Nikawaza haraka. Udongo ni udongo. Nikajaza kopo udongo wa pembeni ya barabara, karibu na gereji, nikaufunika kwa kitambaa chake kilekile, nikampa dereva wa lori la dagaa anayerudi Nkome. Mzigo umetua moyoni.

Kisha, jioni, likaja wazo kubwa kuliko yote niliyowahi kupata.

Mshumaa huu hauna jina. Mkwe ana jina. Nani atamkatalia mkwewe aliyempa jina lake kitu kitukufu hivi? Atalia. Atamshika Chausiku mkono amlete mwenyewe!

Najua, najua. Kwa Wasukuma jina la mama mkwe halitajwi na mkwewe wa kiume. Hata sura yake huitazami ovyo. Lakini nimetafakari kwa kina. Mila inakataza mdomo. Haijasema chochote kuhusu stika. Nikafanya jaribio hapahapa. Naandika: Mageni.

Nimeandika. Nimesubiri. Nimeangalia paa. Hakuna kilichotokea.

Alhamisi, 7 Novemba

Stika zimetoka. Nzuri mno! Herufi za dhahabu, wino mwekundu, na chini yake nimeongeza taji. Nilizitazama mpaka mwenye duka la kuchapisha akaniuliza kama naumwa.

Tatizo moja nililisahau. Mteja akiuliza mshumaa unaitwaje, mimi siwezi kujibu. Asubuhi nzima nimeonyesha kwa kidole. Nuruddin akaligundua mara moja, akaanza kuwatuma wateja wake kwangu mmoja mmoja, kila mmoja na swali lilelile. Nikakohoa. Nikajifanya jino linaniuma. Mzee mmoja aliondoka akisema kijana mzuri, bahati mbaya ni bubu.

Nikanywea, nikaenda kwa Nuruddin. Nikamwomba anirekodie tangazo kwenye spika, kwa malipo ya mshumaa mmoja. Alikubali upesi mno. Sauti yake, lazima niseme ukweli, ni sauti ya ajabu. Soko zima lilisimama. Mageni kafika mjini! Mageni anawaka mpaka asubuhi! Mageni hana moshi, hana kelele, mguse mwenyewe, mbebe nyumbani! Ikajirudia. Ikajirudia mpaka alasiri. Vibarua wa lori la dagaa walikuwa wanashusha magunia, wakaacha, wakasikiliza, wakatazamana, wakatoa simu wakarekodi. Nikawapungia mkono. Tangazo linakwenda mpaka ziwani, bure!

Ujumbe wa Chausiku: ameuliza huu ni udongo gani. Nimestaajabu! Mwanamke anatofautisha udongo na udongo kutoka mbali kote huko. Ana kipaji kikubwa, na mimi sikukiona. Nimemjibu kwamba ni uleule, labda umechoka na safari.

Ijumaa, 8 Novemba

Asubuhi. Mkwe amekuja.

Amekuja juu ya lori la dagaa, amekaa mbele na dereva. Spika ilikuwa inaimba jina lake wakati anashuka. Niliruka kuizima, nikaongeza sauti. Niliruka tena. Mwisho nikaikalia, na jina lake likaendelea kutoka chini yangu, likiwa hafifu kidogo.

Jioni. Naandika sasa nikiwa nimetulia.

Mama mkwe haongei na mkwewe uso kwa uso. Kwa hiyo alinipa mgongo, na mimi nikachuchumaa nikiangalia ardhi, na katikati akahitajika mtu wa kupeleka maneno. Nani alijitokeza? Nuruddin, kanzu imenyooshwa. Mkwe alisema mwambie huyo, jina langu nilipewa na bibi yangu, si la kubandikwa kwenye mshumaa. Nuruddin akanigeukia akasema mama anasema jina lake alipewa na bibi yake, si la kubandikwa kwenye mshumaa, na pia akili yangu ina kasoro. Hilo la mwisho mkwe hakulisema. Mimi nikajibu, kupitia kwa Nuruddin, kwamba mdomo wangu haujatamka. Mkwe akauliza spika ni ya nani.

Nikawaza: nimempoteza Chausiku. Nikaona nyumba ile tupu, na mimi ndani yake na stika mia za dhahabu. Machozi yalinitoka, naandika bila aibu.

Mshumaa mmoja ulikuwa unawaka. Upepo ukaleta harufu upande wake. Mkwe akainua pua. Kisha akauliza, polepole, mvua imenyesha wapi.

Akausogelea mshumaa. Akasema alizaliwa upande wa Shinyanga, kabla ya kuolewa ziwani, huko mvua inasubiriwa kwa miezi, na harufu hii ikifika watu wazima walikuwa wanakatiza maneno na kutoka nje, na baba yake aliwahi kutoka na kijiko mkononi akasahau kula. Aliyasema hayo kwa Nuruddin, na Nuruddin akanifikishia bila kuongeza hata neno. Nilimwona akijifuta pua.

Mkwe akasema: huu uite Mbula. Kwao ndilo jina la mvua. Basi. Hakukaa chini, hakutafakari, hakusimama mbele ya kioo. Neno moja, na soko zima likaona ndilo. Nilishangaa mpaka nikasahau nikamtazama usoni. Akasahau kukasirika.

Halafu akauliza kilichotengeneza harufu hiyo ni nini. Nikasema udongo. Akauliza udongo upi. Nikasema ule wa Chausiku, wa kopo. Akashusha pumzi ndefu. Akamwambia Nuruddin amuulize huyo kama anajua ni nani anayekula udongo. Nikasema sijui kama unaliwa. Wanawake wote wenye matumbo walipiga kelele. Martina alishika nguzo ya kibanda asianguke kwa kicheko.

Nuruddin hakuniambia kwa sauti. Aliinama, akaninong'oneza sikioni, na akanishika bega.

Jumamosi, 9 Novemba

Nkome. Nimefika na udongo halali kutoka kwa Martina, kilo nzima. Chausiku alikuwa amekaa karibu na vichanja vya dagaa. Alipoona mfuko alitabasamu kabla hajaniona mimi.

Akasema alikuwa anasubiri nigundue mwenyewe. Alisubiri wiki nzima ya kutapika. Akasema ule udongo wa pili ulikuwa na oili chafu. Akasema mengine pia, yote ya kweli, na sitayaandika.

Kisha akachukua mkono wangu akauweka tumboni. Hakukuwa na kilichocheza, bado mapema. Nilikaa hivyo mpaka wanawake wakageuza dagaa upande wa pili. Mimi, mwenye maneno kwa kila kitu, sikupata jina la kuita nilichokuwa nakisikia. Nilikaa tu, mdomo wazi, mpaka Chausiku akaufunga kwa kidole.

Anarudi! Mkwe ameruhusu. Amempa sufuria mpya, na akatuma neno kwamba mtu akiyeyusha kitu humo atamfuata kwa miguu kutoka Nkome. Na ameongeza: mtoto akiwa wa kike atabeba jina la bibi yake.

Nimelielewa hilo tukiwa njiani. Binti yangu mwenyewe sitaweza kumwita jina! Chausiku alicheka mpaka akasimamisha bodaboda. Alisema nitamwita Mama, na tayari nimeanza, nimemwita hivyo mara kadhaa kupitia blauzi.

Jumatatu, 11 Novemba

Chausiku amelala, Mungu ambariki. Mbula inauzika vizuri. Nimejifunza mengi. Sitagusa tena jina la mama mkwe, wala sufuria, wala udongo wa mtu.

Lakini kuna jambo. Juzi kule Nkome nilimwachia Mzee Mihayo mshumaa mmoja. Baba mkwe alikaa mbele yake mchana kutwa, akausogelea, akasema hii inanikumbusha, na hakumaliza. Jicho moja lililowa. Mtu kama huyo hastahili mshumaa wake? Wenye harufu yake mwenyewe, ugoro na nyavu mbichi? Nimeshapata ugoro. Unahitaji kuyeyushwa pamoja na nta, taratibu, kwenye sufuria yenye kitako kizito, na humu ndani ipo moja tu, mpya kabisa. Itakuwa mara hii moja, kisha nitaiosha.

Jina la mshumaa nimelitafakari kwa kina: Mihayo. Safari hii stika haikai mbele. Inakaa chini, kwenye kitako cha mshumaa, ambako hakuna anayetazama. Mila haijasema chochote kuhusu kitako!

Nuruddin amekubali kurekodi tangazo. Bila malipo! Mtu yule amebadilika sana.